Maswali ya Mafundi: Mahali Kikombe Kinapokutana na Bunduki ya Rangi

Barua za mwezi huu zimetoka mbali mbali, lakini zote zinahusu sehemu ndogo isiyozidi upana wa vidole viwili, nayo ni pale chombo cha rangi kinapoungana na bunduki ya kupulizia. Nimeziweka pamoja kwa sababu jibu la moja linasaidia kuelewa jingine, na kwa sababu nimeona kazi nyingi nzuri zikiharibiwa na kiungo hiki, wakati fundi anailaumu kompresa au anamlaumu muuza rangi.

SWALI: Ndugu Mshauri, nina karakana ndogo ya kupaka magari rangi karibu na Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Kikombe cha bunduki yangu, ile ya kikombe cha juu, kilipasuka, nikanunua kingine cha plastiki dukani. Kinaingia na kinakaza, lakini nikipuliza klia (rangi angavu ya juu) kwenye boneti, tone hushuka shingoni mwa kikombe na kuangukia kazi. Nimekaza kwa spana, nimezungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, na mara moja nilipaka silikoni. Bado kinavuja. Kosa ni la kikombe au ni langu?

JIBU: Fundi mwenzangu, ugonjwa umeutaja mwenyewe uliposema kwamba kikombe kinaingia na kinakaza. Kuingia na kukaza si ushahidi kwamba nyuzi mbili ni za ukoo mmoja. Vikombe vya juu huja na nyuzi za aina kadhaa, na mbili zinazochanganywa kwa urahisi ni ile ya bomba ya Kiingereza ya inchi 3/8, yenye kipenyo cha nje cha milimita 16.66 na nyuzi 19 katika kila inchi, na ile ya M16, yenye kipenyo cha milimita 16 na umbali wa milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi. Kwa macho ni pacha. Lakini katika ile ya Kiingereza umbali huo ni milimita 1.34, kwa hiyo dume (uzi wa nje) la M16 likitiwa katika jike (uzi wa ndani) la 3/8 huingia kwa ulegevu, likaenda mizunguko miwili au mitatu, na kufikia hapo nyuzi zimepishana karibu nusu milimita na zimeanza kubanana ubavuni. Mkono unahisi kwamba kimekaza. Kilichokaza ni ukuta wa uzi mmoja ulioegemea ukuta wa mwingine, ilhali mdomo wa kikombe haujafika kwenye kiti chake ndani ya bunduki, na rangi inapita katika mwanya uliobaki kana kwamba hakuna aliyeufunga.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila msomaji wa safu hii alishike: katika kiungo cha rangi, kazi ya uzi ni kushika, na kazi ya kuziba ni ya kiti. Kiti hicho ni ama uso wa koni unaolala juu ya koni nyingine, ama washa bapa iliyobanwa kati ya nyuso mbili, ama oringi (pete ya kuziba) iliyokaa katika mfereji wake. Ukiulazimisha uzi ufanye kazi ya kuziba, utaongeza nguvu ya spana mpaka nyuzi za bunduki, ambazo kwa kawaida zimechongwa katika aluminiamu laini, zilike kabisa, na baada ya hapo tatizo si la kikombe tena.

Tepu nyeupe inafaa kwenye bomba la maji kwa sababu nyuzi nyingi za mabomba hupungua unene kuelekea ncha, milimita moja ya kipenyo katika kila milimita 16 za urefu, hivyo zinabanana zenyewe kadiri zinavyoingia na tepu inajaza mianya iliyobaki. Nyuzi za vikombe kwa kawaida ni za unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Tepu haina inachokibana pale. Zaidi ya hayo, nyuzinyuzi za tepu zilizokatika hushuka na rangi hadi kwenye nozeli, ambayo kwa klia huwa na tundu la milimita 1.3 au 1.4, na nyuzi moja tu inatosha kuupindisha mpulizo wote.

Kuhusu silikoni, nakuomba usirudie. Chembe yake ndogo isiyoonekana ikiingia katika rangi hufanya rangi ikimbie mahali ilipogusa na kuacha vishimo vya duara ambavyo mafundi huviita macho ya samaki, na ikishaenea karakanani kwenye vitambaa, kwenye mikono na kwenye mpira wa upepo, utaitafuta kwa wiki kadhaa. Kikombe ulichokipaka kitupe. Bunduki ifungue yote, ioshe kwa thina safi mara mbili au tatu, na usiitumie kwenye kazi ya mteja kabla ya kuijaribu kwenye kipande cha bati.

Tiba yenyewe si ngumu. Chukua kalipa ya vernia, pima kipenyo cha dume na umbali wa nyuzi kumi, kisha ugawe kwa kumi. Ukikosa vernia, jaribu kwa vidole: uzi wa haki huingia mizunguko minne au mitano bila kugoma, kisha husimama ghafla, kwa sababu kiti kimekutana na kiti, ilhali uzi wa kigeni hugoma kidogo kidogo, kila mzunguko ukiwa mzito kuliko uliotangulia. Ukishajua ulicho nacho, mpe fundi wa kukereza vipimo akutengenezee adapta ya shaba ya manjano au ya chuma kisichoshika kutu, upande mmoja M16 na upande mwingine 3/8, kila upande ukiwa na kiti chake. Adapta ikishakaa kwenye bunduki, usiitoe. Iache ikae hapo maisha yake yote, ili kinacholika kwa kufunguliwa na kufungwa kila siku kiwe kikombe cha bei ndogo na si mwili wa bunduki.

Mimi mwenyewe, nikiwa kijana wa kufundishwa, niliwahi kuharibu mlango wa gari kwa kosa hilihili. Nakumbuka nilivyolitazama tone likikusanyika chini ya shingo ya kikombe, likiwa limeshika vumbi la msasa upande mmoja, likateleza taratibu juu ya mgongo wa bunduki na kudondoka nilipogeuza mkono. Fundi mkuu hakunigombeza. Alikausha shingo ya bunduki kwa kitambaa, akaipaka unga wa chaki, akamimina thina kikombeni na kuniambia nisubiri. Baada ya dakika moja mstari mwembamba wa unyevu ulijitokeza kwenye chaki, ukionyesha mahali hasa kiungo kilipofunguka. Njia hiyo naitumia hadi leo.

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini tunateseka na inchi na milimita kwa pamoja. Joseph Whitworth alipendekeza nyuzi zake za pembe ya digrii 55 huko Uingereza mwaka 1841, na William Sellers akapendekeza za pembe ya 60 huko Marekani mwaka 1864. Nyuzi za mabomba za nchi hizo mbili zimebaki na pembe hizo hadi leo, nazo nyuzi za milimita zikaja juu yake. Bunduki za koo zote tatu hukutana juu ya meza moja ya duka.

SWALI: Ndugu Mshauri, natengeneza samani Keko, Dar es Salaam, na natumia bunduki ya kikombe cha chini cha lita moja kupulizia laka. Siku hizi inakohoa: inapuliza, inakata, inapuliza tena. Nimebadilisha gasketi ya kifuniko mara tatu bila mafanikio.

JIBU: Gasketi umeionea. Katika bunduki ya kikombe cha chini, upepo unaopita kwa kasi mbele ya nozeli hupunguza mgandamizo pale, na hewa ya kawaida inayoingia kikombeni kupitia kitundu cha kupumulia kilicho kwenye kifuniko ndiyo inayoisukuma laka ipande juu ya mrija. Kifuniko tayari kina tundu kwa makusudi, kwa hiyo gasketi iliyochoka itamwaga laka ukiinamisha bunduki, lakini haitaifanya ikohoe. Kinachokohoza ni hewa inayoingia juu ya usawa wa laka, ndani ya njia yenyewe ya rangi, na mlango wake mkuu ni ile nati inayounganisha mrija na mwili wa bunduki. Kiungo hicho hakikuonyeshi tone, kwa sababu hakitoi kitu nje. Kinavuta hewa ndani, na ndiyo maana mafundi wengi hukiacha na kuhangaika na kifuniko.

Kwanza hakikisha kitundu cha kupumulia hakijazibwa na laka kavu. Kichokonoe kwa kijiti. Kisha fungua nati ya mrija, tazama uso wa koni yake kwenye mwanga, na ukiona mkwaruzo unaokatiza kutoka ndani kwenda nje, hapo ndipo hewa inapopita. Mkwaruzo mdogo huondoka kwa msasa wa maji wa namba 1000 ukizungusha taratibu. Mkubwa unahitaji mrija mpya. Ukishaukaza, zungushia kiungo kitambaa kilicholowa thina na upulize: kikohozi kikitulia, basi umempata mwizi, na kisipotulia kagua ukazaji wa nozeli na paki ya sindano (kizibo kinachoizunguka sindano ya bunduki), ambazo nazo huvuta hewa. Unapofunga, elekeza mkunjo wa mrija mbele na kitundu cha kupumulia nyuma, ili ukiinamia juu ya meza mrija unywe laka ya mwisho na kitundu kisidondoshe.

Bunduki yako ina ukoo wa heshima. Daktari Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, alitengeneza kipulizio cha dawa za koo miaka ya 1880, na ni mwanawe Thomas aliyeligeuza wazo hilo kuwa la rangi mwanzoni mwa karne iliyofuata.

SWALI: Je, oringi za mifereji ya maji zinaweza kutumika kwenye kikombe cha rangi? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Kwa rangi ya maji, zinaweza. Kwa thina, hapana. Mpira mweusi wa kawaida wa naitraili huvimba ukikutana na asetoni na asetati. Mpira wa EPDM huvumilia asetoni lakini huvimba kwa toluini. Na vaitoni, ambayo wauzaji huisifu sana na bei yake huonyesha hivyo, huvumilia toluini lakini hushindwa na asetoni. Kwa kuwa thina nyingi za magari na samani ni mchanganyiko wa hivyo vyote, kinachobaki ni tefloni, ambayo karibu hakuna kiyeyushi cha karakanani kinachoigusa. Ubaya wake ni kwamba haina unyumbufu wa mpira, ikishabanwa hubaki imebanwa, hivyo itumie kama washa bapa na uibadilishe inapokuwa nyembamba.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha ufundi, Mbeya. Mradi wangu ni kiungo cha kufunga kikombe cha juu kwa robo mzunguko, kama balbu ya pini, badala ya nyuzi. Nimechapisha mfano kwa mashine ya kuchapa plastiki. Unafunga vizuri lakini unacheza na unavuja ukiinamishwa. Naomba mwongozo.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mradi wako ni mzuri na nitaujibu kwa kirefu, kwa sababu makosa yake yanafundisha.

Umeitazama balbu ya pini ukaona masikio mawili na mfereji uliopinda. Tazama tena. Ndani ya kishikio chake kuna vijiti viwili vyenye springi vinavyoisukuma balbu nje wakati wote, na ni msukumo huo unaoyafanya masikio yakae imara kwenye vijibonde vya mfereji. Ondoa springi, na balbu itacheza kama kikombe chako. Kiungo chochote cha robo mzunguko kinahitaji kitu cha kukisukuma, na katika kikombe cha rangi kitu hicho ni muhuri wenyewe, ambao lazima ubanwe kiasi, kwa oringi takriban moja ya tano ya unene wake, ili urudishe nguvu. Kwa hiyo mfereji wa masikio usiwe wa usawa. Uwe na mteremko mdogo, unaovuta kikombe chini kadiri kinavyozungushwa, na uishie kwenye kijibonde ambamo sikio linatumbukia kwa mlio unaosikika. Ukiufanya mteremko mkali, mtikisiko wa mkono utaufungua. Msuguano wa plastiki juu ya chuma huvumilia mteremko wa digrii saba au nane hivi, na utando wa rangi huupunguza, basi mimi ningekaa kwenye nne.

Masikio yawe matatu. Mawili huacha mstari mmoja kati yao ambao kikombe kinaweza kuyumba juu yake kama pembea, na uyumbaji huo ndio unaoufungua muhuri upande mmoja ukiinamisha. Usiudharau uzito: kikombe cha mililita 600 kilichojaa praima hukaribia kilo moja, na kitovu cha uzito wake kiko karibu sentimita kumi juu ya kiungo. Bunduki ikilala ubavu, ukingo wa shingo ulio sentimita mbili kutoka katikati unavutwa kwa nguvu inayolingana na kilo tano, kabla hujahesabu mikono ya fundi anayezunguka gari. Masikio peke yake yasibebe mzigo huo. Tengeneza shingo ndefu inayoingia ndani ya tundu la bunduki kwa kubana kidogo, angalau milimita kumi na mbili, ili shingo izuie kuyumba, masikio yazuie kutoka, na muhuri uzibe tu. Kazi tatu, sehemu tatu.

Kisha kuna mpangilio ambao wabunifu wengi huukosea: muhuri ukae ndani, karibu na njia ya rangi, na masikio yakae nje yake. Ukiyaacha masikio upande wenye rangi, rangi ya hadina (kigumisho) itaingia mferejini na kukauka humo, na asubuhi inayofuata kikombe hakitatoka bila kuvunjwa. Vivyo hivyo, njia ya ndani isiwe na ngazi. Pitisha ncha ya kidole kutoka kikombeni hadi kwenye bunduki. Pale ukucha unapokwama ndipo rangi nyekundu ya jana itakaposubiri kuichafua nyeupe ya leo.

Sasa plastiki. Hukuitaja, lakini ikiwa ni ABS, asetoni itaiyeyusha mbele ya macho yako, na ile ya PLA hulainika. Nailoni na polipropilini huvumilia. Hata hivyo kitu kilichochapwa tabaka kwa tabaka kina mianya myembamba kati ya tabaka, na uso wa muhuri hauwezi kuzibika juu ya mistari hiyo hata oringi iwe nzuri namna gani. Huenda nusu ya uvujaji wako unatoka hapo. Chapa mwili ukipenda, lakini kiti cha muhuri kikerezwe. Sehemu ya bunduki iwe ya chuma na ibaki kwenye bunduki, sehemu ya kikombe iwe ya plastiki na ndiyo ichakae.

Ukimaliza, ijaribu kwa ukali kuliko atakavyoitumia fundi. Pima oringi kwa mizani ndogo, iloweke kwenye thina saa 24, ipime tena, na ukiona imeongezeka uzito kwa kiasi kinachoonekana, iache. Jaza kikombe thina, kining'inize kwa saa nzima kikiwa kimelala upande mmoja, kisha upande wa pili. Kifungue na kukifunga mara mia tano, kwa mikono yenye rangi, kwa sababu hakuna fundi mwenye mikono misafi saa tisa alasiri. Halafu tafuta karakana yenye vikombe vya mfuko kama vile PPS vya 3M, uone vinavyoungana kwa adapta tofauti kwa kila aina ya bunduki na jinsi mfuko unavyojikunja rangi inapoisha bila kuhitaji kitundu cha hewa. Mfuko huo una sharti moja kali: kiungo kikivuta hewa hata kidogo, haujikunji. Ni kipimo kizuri cha kiungo chako.

SWALI: Ndugu Mshauri, tunapaka mashua rangi ya epoksi hapa Mombasa kwa tangi la upepo la lita kumi lenye mipira miwili. Juzi mpira wa rangi ulichomoka na kutumwagia. Tuubane kwa klipu mbili?

JIBU: Klipu mbili juu ya mpira usiofaa haziufanyi ufae. Mpira wa bustani na mpira wa gesi ya kupikia havikutengenezwa kwa viyeyushi. Ndani hulainika, na mpira laini huteleza kwenye chuchu (ncha ya kiungo inayoingia ndani ya mpira) hata ukibanwa vipi. Nunua mpira wa rangi uliopigwa viungo vyake kiwandani kwa mashine, wenye shinikizo lililoandikwa ubavuni, na wenye waya wa kupitisha umeme tuli hadi ardhini ikiwa rangi yenu ina thina. Kwa kawaida kiungo cha upepo kwenye bunduki huwa cha inchi 1/4 na cha rangi cha 3/8, na tofauti hiyo ipo ili mipira isibadilishane. Msiiondoe kwa adapta.

Jambo kubwa zaidi ni tangi lenyewe. Kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 25, kikiwa juu ya shinikizo la baa 3, kinasukumwa juu kwa nguvu ya kama kilo 1,500. Valvu ya usalama isifungwe kwa waya wala kuzibwa hata ikipiga kelele, na kabla ya kulegeza komeo lolote au kiungo chochote, fungeni upepo unaoingia, utoeni uliomo ndani mpaka geji isome sifuri, kisha bonyezeni kichocheo cha bunduki ili hata kilichobaki mpirani kitoke.

Na kama siku moja mtahamia mashine isiyotumia upepo, ile inayosukuma rangi yenyewe kwa shinikizo linaloweza kufika baa 200, msikaze kiungo chake kinachovuja wala kukigusa kwa kidole au kitambaa kabla ya kutoa shinikizo. Mkondo wake hupenya ngozi na kuingiza rangi ndani ya mkono, na jeraha la nje huonekana dogo kama la kuchomwa na mwiba. Aliyeumia hivyo apelekwe hospitali saa ileile, hata kama hasikii maumivu, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni rangi iliyoingia kwa shinikizo, na aonyeshwe kopo lake.